Kete Ishirini na Mbili Mkononi

Jumapili, baada ya isha.

Leo nimefungwa kwenye mchezo wa bao kwa mara ya tisa, na nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu barabarani, mpaka kijana wa bodaboda akapunguza mwendo anitazame vizuri. Naandika kabla sijalala, maana kesho nitakuwa nimeshasahau kete ziliangukia wapi.

Chanzo cha yote haya ni mwanangu wa mwisho. Mwezi wa pili tulikuwa tumekaa Bustani ya Jamhuri tunakula mihogo, akanyoosha kidole baharini.

"Mama, kile kisiwa kina nini?"

"Kinaitwa Toten."

"Jina nalijua. Ndani kina nini?"

Nina miaka 43. Nimezaliwa Tanga hii hii, nimekulia Ngamiani, na kisiwa kile nimekiona kila nilipoteremka pwani tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Nikamjibu, "Kina miti." Mtoto akanitazama kwa huruma, akaendelea na muhogo wake.

Usiku ule nilichukua daftari la hesabu lililobaki kurasa nyeupe, nikaandika sharti: kila wiki jambo moja ambalo sijawahi kulifanya, na lisinile zaidi ya shilingi 5,000. Sikumwambia mtu. Sisi watu wa pwani ukitangaza jambo kabla halijawa, umejitafutia maswali.

Wiki ya kwanza sikwenda mbali. Barabara zetu za Ngamiani zina namba, na mimi miaka yote nikitoka kwenda dukani ninakofanya hesabu za vipuri nashika njia ile ile, kama punda wa kinu. Nikapita ya pili yake. Nimechelewa dakika nne, lakini nimekuta mama mmoja anauza uji wenye pilipili manga ya kutosha kumwamsha maiti. Sasa nina deni kwake.

Wiki nyingine nikajaribu baiskeli. Mji mzima wetu unaendesha baiskeli, wazee kwa watoto, mimi sijui. Nilianguka kwenye mchanga mbele ya kijiwe cha vijana, gauni likanasa kwenye mnyororo. Hilo nimelifuta kwa kalamu nyekundu, na kusema kweli sina mpango wa kulirudia.

Kuna siku nilikwenda soko la samaki la Deep Sea kutazama mnada. Kutazama tu! Samaki mimi hununua kwa mchuuzi anayepita mlangoni. Nimesimama pale, nzi mmoja akanitua usoni, nikainua mkono kumfukuza, dalali akapaza sauti: "Mama ameongeza!" Nikaondoka na fungu la taa, yule samaki bapa, nisilojua hata pa kulianzia, na lile sharti langu la 5,000 likafia hapo hapo. Jirani yangu ndiye aliyeniokoa. Aliniambia nimmwagie maji ya moto kwanza, nimparue ngozi mpaka utelezi wote utoke, ndipo nimchemshe na ndimu kabla ya kufikiria nazi. Mchuzi ulikuwa mzuri. Jikoni kulinuka siku mbili.

Lakini pale mnadani, nikisubiri chenji, nilisikia wavuvi wawili wakizungumza habari za silikanti. Nilidhani ni tusi. Kumbe ni samaki ambaye wataalamu wa dunia walikuwa na hakika ametoweka tangu zama za dinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Na hapa kwetu, kuanzia miaka ya 2003 na 2004, wavuvi wakawa wanampata kwenye nyavu za majarife wanazotega kina kirefu, hata ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na ushei wakati huo, nakaa mwendo wa robo saa kutoka bahari hiyo. Sikumbuki kuulizia.

Hapo ndipo nilipoanza kujishtukia. Nilikuwa nikijiambia sijaribu mambo kwa sababu sina fedha, sina nafasi, nina watoto. Uongo. Mapango ya Amboni yako kilomita nane hivi kutoka mjini, njia ya Horohoro, na nauli yake haizidi ya kwenda msibani. Nilipokwenda hatimaye, nilijikuta nimepanga foleni nyuma ya watoto wa shule ya msingi, mimi peke yangu mtu mzima asiye mwalimu. Kijana mwenye tochi akauliza nani hajawahi kuingia. Watoto wote wakanyoosha mikono. Mimi wangu uliganda kiunoni. Nikanyoosha baadaye, nusu, usawa wa bega. Nimeingia, nimewasikia popo, nimeona mawe yaliyoning'inia kama mishumaa iliyoyeyuka, nimesikia hadithi kwamba pango linakwenda kutokea Mombasa (kila aliyenisimulia hajafika huko kwa miguu). Ila ninachokikumbuka zaidi ni ule mkono. Kumbe miaka yote nilikuwa nalindwa na aibu. Mtu mzima, mwenyeji, mama wa watoto watatu, anaona haya kusema "sijui" mbele ya watu wanaojua.

Ndiyo maana nikaandika "bao" kwenye daftari, kwa sababu ndilo nililoliogopa kuliko yote.

Baraza la wacheza bao liko pembeni ya msikiti wa mtaa wetu. Napita pale kila jioni natoa salamu na kuharakisha. Wanawake hatukai pale. Hakuna aliyetukataza, lakini hatukai. Siku hiyo nikasimama.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Babu, nataka kujifunza."

"Kujifunza nini?"

"Bao."

Kijana wa kahawa alikuwa anamimina, akasahau kikombe hadi kikafurika. Babu hakucheka. Alikuwa kuli wa bandarini enzi zake, ana mikono kama makasia. Akasogea kidogo. "Kaa hapo. Usiguse kete mpaka nikwambie."

Nyumbani Baba Saumu alisema, "Mradi ugali uive." Nikamwambia ugali huiva hata ukisongwa na mwanamume. Tumeishia hapo.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za manane, na kete 64, kila mtu 32 zake. Kete za Babu ni komwe, zile mbegu za kijivu, ngumu kama kokoto, nazo zimeshikwa mpaka zinang'aa. Mchezo ukianza unaweka kumi tu ubaoni: sita kwenye nyumba, yaani lile shimo la mraba, na mbili mbili katika mawili ya jirani. Zilizobaki, ishirini na mbili, unazishika mkononi na kuziingiza moja moja. Hiyo ndiyo namua. Zikikuishia mkononi ndipo mnaingia mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu.

Mimi ni mtu wa hesabu, nikajua nitawashangaza. Loo! Babu anaweka kete moja, anakula zangu tano, anaanza kuzisambaza kutoka kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, ya mwisho inaangukia penye kete, mbele yake ziko zangu nyingine, anazila, anasambaza tena, na mkono wake hautulii hadi ulale kwenye shimo tupu. Mimi bado nahesabu mlo wa kwanza. Ukiuliza "Nini kimetokea?" baraza zima linaangua kicheko, kisha watu watano wanakueleza kwa pamoja na kila mmoja anasema lake.

Kilichonisumbua zaidi ni nyumba. Niliipenda. Kila nilipopata nafasi niliiachia ijae: kumi na moja, kumi na tatu. Naitazama naona utajiri. Babu aliniacha nijaze, hata hakuigusa, akawa anapepesuka kama mtu aliyechoka. Halafu akaweka kete moja mbele yake akaila yote, na akaanza kuisambaza upande wake taratibu, kete kwa kete, ili niione vizuri inavyoondoka.

"Ulikuwa unamwekea nani?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Usiku wa siku hiyo nimelala nikiwaza kitenge changu kilichokaa kabatini tangu harusi ya mdogo wangu, kinasubiri shughuli ya maana.

Leo kete yangu ya mwisho imeangukia nyumbani mwangu mwenyewe. Hapo una hiari: ulale, yaani zamu yako iishe, au nyumba isafiri. Mara nane zote nimelala. Leo nimezichota zote, kete tisa, vidole vinatetemeka kweli, nikazisambaza. Zikala. Nikasambaza tena, zikala tena! Mara ya tatu nikalala kwenye shimo tupu, safu ya nyuma. Baraza limenyamaza kabisa, na kijana wa kahawa akaniletea kikombe bila kuagizwa, na kashata juu yake.

Kisha Babu akanifunga. Amechukua muda mrefu kidogo kuliko kawaida, nimemwona.

Tukiwa tunarudisha komwe mfukoni, akaniuliza daftari lina nini kingine. Siku hizi analijua. Nikamwambia bado Toten, mwenye mashua amenitaka nisubiri upepo wa kusi ulegee, na kwamba nimesoma huko kuna magofu ya misikiti na makaburi ya zamani, nataka mtoto akaone kwa macho yake.

Babu akakaza kamba ya mfuko. Miaka yote amepakua meli mbele ya kisiwa kile.

"Sijakikanyaga hata siku moja," akasema, sauti ya chini, vijana wasisikie. Halafu: "Huyo mwenye mashua anataka ngapi?"

"Elfu nne, kwenda na kurudi."

"Kila mtu, au mnachangia?"

Nimeahidi kumuuliza kesho.