Ngazi tatu chini ya mchanga

Mwaka 2018 nilikuwa fildi, mwaka wa pili chuo cha Ardhi, nikaangukia kwenye timu ya Ramani Huria, ile kazi ya kuchora mitaa ya Dar mpaka vichochoro, wanafunzi na wenyeji mnatembea pamoja simu mkononi. Zamu yetu ilikuwa kuulizia mafuriko. Unabisha hodi, unauliza maji yalifika wapi, unaweka futi ukutani, unasoma, unaingiza kwenye simu na pointi ya GPS, unahamia nyumba inayofuata. Kazi ya kitoto, ndivyo nilivyoona mimi.

Nikapangiwa Hananasif, kule bondeni kabisa ukingoni mwa Msimbazi. Masika ya mwaka ule yalikuwa yameshapita ila kuta bado zina rangi ya tope, na wote tulikumbuka Morogoro Road ilivyofungwa pale Jangwani, mwendokasi hauendi, watu wanatembea kwa miguu na viatu mkononi. Na kipindi hichohicho wataalamu walikuwa wanakaa vikao kupanga bonde lote la chini, kuanzia Kawawa Road mpaka mto unapoingia baharini pale daraja la Salenda, liwe bustani kubwa ya jiji. Wazo lenyewe nililielewa na mpaka leo naliona lina akili. Mto unatoka huko vilima vya Pugu, unabeba maji ya sehemu kubwa ya jiji, ukifika chini lazima upate pa kukaa, sasa badala ya nyumba weka nyasi, viwanja vya mpira, miti, mvua ikipiga bustani inalowa siku mbili tatu halafu inakauka na hakuna mtu aliyekufa. Udongo utakaochimbwa kupanua mto unajazwa pembeni, ardhi inanyanyuka, ndo watu wanajenga hapo juu.

Ila mtaani hatukwenda na bustani, tulikwenda na futi. Na futi Hananasif ilikuwa noma, maana mwisho wa 2015 kuingia 2016 bomoabomoa ilipita bonde lile, kabla tinga halijaja walitangulia watu wa kupima na kupiga X nyekundu ukutani. Kwa hiyo sisi tunakunja kona tu watoto wanapiga kelele "wa X haooo", mama mmoja akafunga mlango huku ananiangalia. Bila mjumbe kututangulia nisingepima hata choo.

Nyumba ya 24 ilikuwa ya bibi mmoja, yuko kibarazani anachambua mchicha. Shikamoo bibi. Marahaba, umekuja kunipiga X? Nikasema hapana bibi, naulizia maji tu. Akacheka, akaninyooshea kidole ukutani karibu na mlango, na pale kulikuwa na mistari, amekwaruza na msumari, mmoja kwa kila mafuriko. Daah, nikafurahi, yaani nyumba zote watu wananionyesha "hapaaa, hapana, kama hapa" halafu huyu ana kumbukumbu kama za bandari. Mstari wa juu kabisa ulikuwa wa Desemba 2011, yale yaliyoua zaidi ya watu 40 jijini na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Wa chini kabisa ulikuwa wa El Nino, ya 97 kuingia 98, sentimita kama kumi tu kutoka chini.

Nikasema kwa ujuaji wangu, bibi kumbe El Nino hayakuwa makubwa hapa, yameishia kwenye vifundo vya miguu.

Akaacha mchicha. "Mjukuu wangu, El Nino yalinifika mapajani, nimesimama hapohapo uliposimama wewe."

Nikaangalia mstari, nikaangalia mguu wangu, sikuelewa. Akaniambia nyumba hii nilikuwa napanda ngazi tatu kuingia, hapo chini yako zipo ngazi tatu. Ndo nikagundua kwamba nilipoingia kibarazani sikupanda kitu, nilishuka. Kila mafuriko yanaacha mchanga, watu wanasawazisha uwanja, maisha yanaendelea, yanakuja mengine. Mstari haujasogea, ardhi ndiyo imepanda. Na kama uwanja umepanda hivyo basi mto nao umejaa, ndo maana mvua ndogo ya siku hizi inaingia ndani mahali ambapo zamani ilikuwa inapita zake.

Jasho likanitoka, maana nyuma yangu kulikuwa na nyumba 23 ambazo mafuriko ya 2011 nimeyapima kutoka kwenye mchanga wa leo. Zote pungufu. Nikampigia msimamizi, akanyamaza kidogo, akasema fomu haina kipengele hicho, andika kwenye maoni. Nikaandika: ngazi tatu zimefukiwa. Bibi akaniambia nimsomee nilichoandika, nikamsomea.

Baadaye niliona mchoro wa bustani, umetandazwa mezani, kijani kizuri, miti, watu wanakimbia mazoezi. Mimi macho yangu yalikuwa yanatafuta mchanga. Huko Pugu na Kisarawe vilima vikiendelea kuachwa wazi, kingo zikiendelea kuchimbwa, ile bustani itafukiwa vilevile kama ngazi za bibi, utakuwa unakata nyasi juu ya nyasi. Nilisema hivyo kikaoni, kwa sauti ya mwanafunzi wa fildi, yaani hakuna aliyesikia. Mradi ulikuja kupata mkopo wa Benki ya Dunia 2022, dola milioni 200, TARURA, wale wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini, wakaushika, na kusema kweli mambo ya huko juu ya mto yamo pia kwenye makaratasi yao. Bibi alishahamia kwa mwanae Mbagala.

Lakini nirudi 2018. Jumamosi iliyofuata baada ya siku ile ya bibi tulirudi kwenye zile nyumba 23, mimi na vijana wawili wa mtaa, safari hii na jembe na sururu. Tunaomba ruhusa, tunachimba kando ya mlango kutafuta ardhi ya zamani. Watoto wakasema tunatafuta hela za Mjerumani, wakakaa kutuzunguka. Nyumba ya nne jembe likagonga kitu, tukafukua kwa mikono, ngazi, simenti yake bado nyekundu, na kandambili moja ya mtoto.