Kikao cha nidhamu: hatua zinazowaangusha waajiri wenye hoja

Tuseme stoo ya vifaa vya ujenzi imehesabiwa na mifuko 22 ya saruji haionekani. Saa nne asubuhi mkurugenzi ameshafoka, saa nane barua ya kumwachisha kazi mtunza stoo imechapwa, na saa kumi jioni mtu yuko getini na begi lake. Inawezekana kabisa aliiba. Lakini kwa sheria ya Tanzania Bara, kuwa na sababu ya kumwachisha mtu kazi ni nusu tu ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili, sababu halali na utaratibu wa haki, na utaratibu wenyewe umeelezwa kwenye Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007. Ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoamua migogoro ya kazi, na sababu nzuri bila utaratibu, bado umemwachisha mtu isivyo haki.

Anza na uchunguzi, na uanze siku hiyo hiyo. Nakili picha za kamera kabla mashine haijaandika juu yake, maana nyingi hufuta za zamani zenyewe. Kusanya kadi za stoo, hati za kupokelea mzigo, hati za kutolea, na kitabu cha getini. Hesabu tena mbele ya mtunza stoo mwenyewe, nyote mtie saini. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: nani mwingine ana ufunguo? Kama msimamizi wa zamu na dereva nao huingia stoo, upungufu peke yake hauthibitishi kwamba aliyechukua ni huyu. Mashahidi waandike maelezo yao kwa mkono wao, tarehe na saini. Maelezo matano yaliyochapwa na ofisa utumishi kwa maneno yanayofanana hayamshawishi mtu.

Ukiona kuwepo kwake kutaharibu uchunguzi, msimamishe kazi kwa barua, kwa mshahara kamili. Kumsimamisha bila malipo ni kumwadhibu kabla hajasikilizwa.

Barua ya mashtaka ndiyo inayobeba kesi nzima, na ndiyo huandikwa ovyo kuliko zote. "Unatuhumiwa kwa utovu wa nidhamu na wizi" haitoshi, kwa sababu hakuna anayeweza kujitetea dhidi ya sentensi hiyo. Andika: "Tarehe 14 Machi, kati ya saa 2 na saa 6 mchana, mifuko 22 ya saruji ilitoka stoo namba 2 bila hati ya kutolea mzigo, wakati wewe ukiwa mtunza stoo wa zamu." Taja kanuni ya kampuni iliyovunjwa, taja ushahidi utakaotumika, na uambatanishe nakala. Kama makosa ni mawili, yatenganishe. Wizi na uzembe ni mashtaka tofauti. Ukishindwa kuthibitisha wizi, uzembe ambao hukuuandika hauwezi kukuokoa.

Kanuni zinataka pia mfanyakazi ajulishwe kwa lugha anayoielewa. Hapa makampuni mengi hujikwaa bure. Mtu ameajiriwa kwa Kiswahili, anaelekezwa kazi kwa Kiswahili, anakaripiwa kwa Kiswahili, halafu siku ya mashtaka anapewa kurasa tatu za Kiingereza cha wakili. Mwandikie Kiswahili. Akikataa kuipokea barua, isome mbele ya mashahidi wawili, waandike kuwa amekataa, watie saini na saa.

Muda wa kujiandaa kwa kikao cha nidhamu usipungue saa 48. Hicho ni kima cha chini, na kesi yenye makaratasi mengi inahitaji zaidi. Kumpa mtu barua Ijumaa saa kumi jioni na kumwita Jumatatu saa mbili asubuhi kunatimiza hesabu ya saa, lakini mwenzake wa kumsaidia hayupo na ofisi yenye nyaraka imefungwa. Mpe siku tatu au nne za kazi. Hupotezi kitu.

Barua imweleze kwamba anaweza kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Mwenyekiti awe kiongozi wa ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Meneja aliyegundua upungufu, aliyechunguza au aliyesaini barua ya mashtaka anaweza kuwa shahidi au msemaji wa mwajiri, lakini hawezi kukaa kwenye kile kiti. Kampuni ndogo yenye mameneja wawili tu imtafute mtu wa nje asiye na upande.

Ndani ya kikao, upande wa mwajiri utangulie kutoa ushahidi, mfanyakazi awahoji mashahidi, kisha naye ajieleze na kuleta mashahidi wake. Mwandishi wa muhtasari aandike maswali na majibu, si "mtuhumiwa alishindwa kujitetea". Asipofika bila sababu ya msingi, kikao kinaweza kuendelea bila yeye, mradi una ushahidi kwamba wito ulimfikia.

Akionekana ana kosa, kazi haijaisha. Mwulize ana nini cha kusema kabla ya adhabu: miaka aliyotumika, rekodi yake, mazingira ya tukio. Kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi isipokuwa ni zito kiasi kwamba ajira haiwezi kuendelea, na wizi uliothibitishwa ni mojawapo. Mwangalie pia aliyefanya kosa kama hilo mwaka jana akapewa onyo tu. Tofauti hiyo utaulizwa. Uamuzi na sababu zake umfikie ndani ya siku 5 za kazi, ukimweleza haki ya kukata rufaa, nayo ikatwe ndani ya siku 5 za kazi.

Sasa mshahara wa mwisho. Wengi hukata thamani ya mifuko yote 22 kwa mkupuo. Hairuhusiwi. Makato ya hasara yanataka aelezwe kwa maandishi kiasi na sababu, apewe nafasi ya kupinga, yasizidi hasara halisi, na yasivuke robo ya ujira wake. Aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hapati kiinua mgongo, ila siku alizofanya kazi, likizo aliyoichuma na cheti cha utumishi ni vyake. Na kama uliajiri mtu Mbeya ukamleta kufanya kazi Dar es Salaam, usafiri wa kumrudisha Mbeya ni juu yako hata kama ameiba.

Kuanzia hapo ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume kwa Fomu Namba 1. Faili lako liwe kamili kabla hajaijaza: maelezo ya mashahidi, barua ya mashtaka yenye saini ya kupokelewa, muhtasari wa kikao, uamuzi, majibu ya rufaa, na hesabu ya malipo ya mwisho.