Leo difu zimepata pa kupumulia

Nimetoka gereji hapa Malindi sasa hivi, mikono bado inanuka oili.

Wakati wa masika nilivuka maji upande wa Magarini. Land Cruiser ikazama hadi juu ya magurudumu. Ikatoka salama, nikamshukuru Mungu, nikasahau.

Leo fundi kafungua nati ya difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli linalozungusha magurudumu.

Oili iliyotoka ilikuwa nyeupe, kama chai ya maziwa.

Nimebaki nalitazama lile karai tu. Miezi yote hii gia zimekuwa zikisagana ndani ya maji, nami naendesha, nabeba watoto, sina habari.

Fundi akanieleza taratibu. Difu ikitembea hupata moto. Ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa, na ule mrija mfupi wa kupumulia ulio juu ya ekseli ukiwa majini, huyanyonya. Ukiwa umeziba kwa tope, maji hupenya kwenye sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje.

Tumemwaga, tumesafisha, tumetia oili mpya. Kisha tukaunga mipira mirefu ya kupumulia kutoka difu zote mbili na giaboksi, tukaipandisha hadi juu kabisa ndani ya boneti. Ya difu tumeiachia ulegevu, maana ekseli hupanda na kushuka.

Jamani, kazi ya mipira na klipu chache tu! Naumia nikifikiria ningeifanya mapema.

Ndugu zangu mnaovuka maji, ya kwenu mmeifikisha wapi? Na oili ya difu mmeiangalia lini mara ya mwisho?