Hodi ya Ndani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ijumaa hii tukae na Surat An-Nur, aya ya 58.

Hodi ya mlangoni twaijua. Lamu mgeni huketi dakani, kwenye baraza ya mlangoni, na hata mlango ukifunguliwa haoni kitu, kwa kuwa tekani, ukumbi wa kuingilia, imepinda kabla ya kufika kiwandani, yaani ua wa ndani. Lakini aya hii yaingia ndani zaidi: watoto ambao hawajabaleghe, na waliomilikiwa, waombe ruhusa ya kuingia nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya isha.

Uzito wake utauona kwenye nyumba kongwe za mawe. Misana, zile kumbi ndefu za ndani, haina milango. Mmoja umekaa nyuma ya mwingine, na kati ya kitanda cha wazee na mapito ya watu palikuwa na pazia tu. Mtoto angelifunua kwa kidole. Kilichozuia ni adabu.

Na hao waliomilikiwa walikuwamo kweli. Mali iliyojenga nyingi ya nyumba hizo ilitoka kwenye mashamba yaliyolimwa na watumwa, na utumwa Kenya haukufutwa kisheria hadi 1907. Tukisifu nakshi za milango tuliseme na hili. Mtumwa aliomba ruhusa. Yeye, nani alimbishia hodi?

Mojawapo ya nyumba hizo iko barabara kuu ya mji wa Lamu. Wajerumani waliifanya posta mwaka 1888. Mapatano yao na Waingereza ya 1890 yakawaachia Waingereza Witu, usultani wa bara jirani na Lamu uliokuwa chini ya Wajerumani, posta ikafungwa 1891, nyumba ikarudi kwa wenyewe, na mwaka 1996 ikawa makumbusho. Hadi leo yaitwa Posta ya Wajerumani, kwa miaka isiyotimia mitatu. Familia iliyokuwa nayo kabla na baada yao haimo kwenye jina. Pengine wenyewe wangeridhia. Watu wa sitara hawapendi kutajwatajwa.

Sisi leo vyumba vyetu vina milango na makomeo, na bado mzazi huingia kwa bintiye bila kubisha, kisa nyumba ni yake. Imepokewa kwamba mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.): nimwombe ruhusa mama yangu? Akamjibu: naam. Akasema: naishi naye nyumba moja. Akaambiwa: mwombe ruhusa. Akasema: mimi ndiye ninayemhudumia! Mtume akamuuliza: wapenda umwone uchi?

Akasema: la.