Nilivolontia Ujerumani mwaka mzima, nyumbani wakadhani nimepata kazi

Nilitoka Kisumu Septemba 2022, kesi ya kura ya urais imeisha tu juzi na mtaani Kondele watu bado wanaiongelea, mimi nina begi moja ya kilo 23 na ndani Mama ameweka omena, wale dagaa wa ziwani, ya kukaanga akaifunga na karatasi tatu ndio isinuke. Nilikuwa na miaka 24. Nilikuwa naenda Dresden, kujitolea mwaka mzima kwa nyumba ya wazee, ile programu Wajerumani wanaita FSJ, ni ya vijana ambao hawajafika miaka 27. Naandika hii juu karibu kila wiki kuna kijana ananiuliza nilienda aje, na swali la pili huwa ni wanalipa ngapi, na hapo kwa hilo swali la pili ndio shida yangu yote ilianzia.

Kwanza lakini njia ya kwenda. Kabla nijue njia ya ukweli nilipelekea ajenti mmoja hapa tauni shilingi 15,000, alisema ni ya kufungua faili, na hiyo ni pesa ya samaki Mama anauza sokoni, aliitoa kwa kitambaa akihesabu noti moja moja. Faili haikufunguliwa na pesa haikurudi. Baadaye msichana tuliyekuwa naye kwaya, dada yake akiwa amepitia hiyo programu, ndiye aliniambia unaandikia shirika lenyewe barua moja kwa moja, unafanya intavyu kwa video, wakikukubali wanakutumia mkataba, na huo mkataba ndio unapeleka ubalozini Nairobi kuomba visa. Hakuna mtu wa katikati. Kijerumani nilisoma miezi sita, mtihani wa A1, ile ya kiwango cha kwanza kabisa, nikafanyia Nairobi, nikasafiri na basi la usiku nikaingia kwa chumba cha mtihani sijalala.

Sasa hicho Kijerumani nilichosoma, kufika kule nikaona nimesoma cha kitabu. Siku yangu ya tatu nilimuuliza bibi mmoja kama anataka chai, akanijibu "nu". Mimi nikaskia amekataa, nikarudisha kikombe jikoni. Kesho yake ikawa hivyo tena. Siku iliyofuata akaanza kulia, muuguzi akakuja akaniuliza mbona simpi chai, ndio akanieleza watu wa Saxony, jimbo Dresden iko, wakisema "nu" wanamaanisha ndiyo. Nililia hiyo jioni, si ati juu nimekosea lugha, ni kufikiria mtu wa miaka tisini ameomba chai siku tatu na mimi ndiye nilikuwa namnyima.

Kutoka hapo nilinunua daftari ndogo ya kuingia mfukoni. Neno nikiliskia kwa shifti naliandika venye nimeliskia, hata kama ni makosa, halafu saa ya chai namuuliza mmoja wa wauguzi. Sikuandika maneno ya sarufi, niliandika ya kazi: inauma wapi, nigeuze upande gani, maji ni moto sana? Ilipofika Desemba nilikuwa naelewa ripoti ya asubuhi ile wa usiku anawapatia wa mchana, na hiyo ndiyo siku nilijiskia nimefika kweli.

Desemba yenyewe lakini ilinilemea. Saa kumi jioni jua limezama. Sisi huku Kisumu tumezoea saa kumi na mbili na nusu hivi ziwa bado linang'aa. Kule unaingia kazini giza, unatoka giza. Na Jumapili, hiyo ndiyo ilinimaliza kabisa, juu Jumapili kwetu ndio siku kubwa ya soko Kibuye, tangu nikiwa mtoto najua Jumapili ni kelele na mikokoteni na Mama akiita wateja, na Dresden Jumapili maduka yamefungwa, barabara kimya, hata chupa unakatazwa kuitupa kwa pipa juu inapiga kelele. Nilikuwa natembea mpaka mto Elbe, nakaa kwa benchi naangalia maji, najaribu kujiambia ni ziwa. Kilichonisaidia ni kuomba shifti za Jumapili. Wengi hawazitaki, mimi nilizitaka, juu afadhali kukaa na wazee kuliko kukaa na ukuta.

Si wazee wote walinitaka, na hiyo pia niseme. Kulikuwa na mzee mmoja alikataa katakata niguse hata blanketi yake, na alisema sababu, ni rangi yangu. Muuguzi mkuu alimwambia mbele yangu kwamba mimi ni mfanyakazi kama wengine, halafu akaniita kando akanipatia nafasi nichague kama nataka kuendelea kumhudumia au la. Nilichagua la. Watu wengine wangesema ningevumilia mpaka anipende, mimi sioni nilikuwa na deni hilo.

Sasa pesa. Nilikuwa napata euro 400 kwa mwezi, chumba wanalipa wao, bima ya afya wanalipa wao. Si mshahara, wanaita pesa ya mfukoni na ndivyo ilivyo. Lakini nyumbani mtu anachukua 400 anapiga mara, na wakati naenda euro moja ilikuwa kama shilingi 120, kwa hivyo wanaona karibu elfu hamsini, na hawaoni bei ya chakula kule. Mwezi wangu wa pili tu kule meseji zikaanza. Binamu anataka karo, paa la kanisa, matanga ya mtu hata sikumjua. Anko mmoja akaandika kwa grupu ya familia, "Nyathiwa," yaani mtoto wetu, "wewe sasa ndiye taa yetu huko." Nilituma. Nilituma tena. Februari nilikula mchele na mayai wiki mbili na nikaanza kuogopa simu ikilia, hata ya Mama nikawa sishiki, na Mama hakuwa ameniomba hata shilingi.

Hiyo FSJ ina siku 25 za semina kwa mwaka, mnakutana volontia wa sehemu mbalimbali mnakaa siku kadhaa pamoja. Kwa ya Machi mwalimu alituuliza kila mtu kitu kinachomnyima usingizi. Nikasema hii ya pesa. Nikashtuka kijana wa Ghana na dada wa Peru wanatikisa kichwa, ni hadithi yao pia. Huyo dada wa Peru akanionyesha kwa simu karatasi aliyoandikia watu wao, kila euro na mahali inaenda.

Usiku huo nilimpigia Mama nikamwambia kila kitu, kuanzia mchele na mayai. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akasema, "Nyathina," yaani mtoto wangu, "mbona ulikuwa unanificha njaa?" Nikampigia picha mkataba na risiti za mwezi mmoja: chakula 190, simu 10, basi na treni, sabuni na dawa, viatu vya baridi. Tukakubaliana natuma euro 40 kila mwezi, kwake yeye peke yake, na mtu akiwa na shida ampelekee yeye. Mama akarekodi meseji ya sauti kwa Kijaluo akaiweka kwa grupu, dakika nne hivi, anawaeleza kwamba msichana wake hajaandikwa kazi, amejitolea, na mwenye anataka kuelewa aje Kibuye amuulize. Anko alinuna mpaka Pasaka. Lakini meseji ziliisha, na mimi nikaanza tena kushika simu. Kwa hivyo kijana akiniuliza wanalipa ngapi namwambia, halafu namuuliza kama mama yake anajua hiyo nambari, na wengi hawajawaambia.

Yule bibi wa chai ndiye nilikaa naye karibu zaidi. Alikuwa anasahau kila kitu, kila asubuhi ananiuliza mimi ni nani, lakini mikono yake ilinijua. Nikimchana nywele, nyeupe na laini kama pamba, anashika kidole changu kimoja, hiki kidogo, na hakiachi mpaka nimalize. Nilikuwa namwimbia nyimbo za kwaya kwa Kijaluo polepole na yeye anatingisha mguu.

Alikufa Juni, mimi nikiwa shifti. Muuguzi alifungua dirisha, akaniambia kwao mtu akifa dirisha linafunguliwa ndio roho itoke. Tukamwosha sisi wawili. Wakaweka mshumaa na picha yake kwa meza mlangoni, na basi, kimya. Kwetu saa hiyo boma lingekuwa limejaa, watu wanalia mpaka barabarani, viti vinakodishwa. Sikujua nipeleke wapi kilio changu. Niliomba ruhusa nikae naye kidogo peke yangu, nikamwimbia ule wimbo wake mpaka mwisho, nikamchana nywele mara ya mwisho. Muuguzi alisimama mlangoni hakuniharakisha, na hilo sitamsahau nalo.

Nilirudi mwisho wa Agosti 2023. Jumapili ya kwanza nikaenda na Mama Kibuye, nikakaa kwa kile kigoda chake cha zamani, vumbi na kelele vile navyokumbuka. Mteja mmoja wa siku nyingi akaniangalia akasema, kumbe huyu ndiye wa Ujerumani, sasa mama umetajirika. Mama hakuacha kupima omena. Akasema, "Hapana mama, huko hakuwa kazi. Alikuwa anajitolea, anaangalia wazee wa wenyewe." Alivyosema hivyo akanyoosha mgongo, akamwongezea mteja omena kiganja kimoja juu ya kipimo, akanipatia mimi mfuko nifunge.