Mradi wa kitabu cha darasa: chui, kisima na kura

Wiki ya 1. Nimeweka vitabu vitano mezani wanafunzi wachague kimoja cha kusoma pamoja muhula huu. Wako 12, wa miaka 9 na 10, na lugha yenyewe ndiyo kwanza wanajifunza. Mikono ikapanda: saba wanataka chenye chui kwenye jalada. Tukasoma ukurasa wa kwanza, hakuna aliyeambulia kitu. Na huyo chui, kumbe, hatokei mpaka sura ya sita. Kosa langu, sikukisoma kabla ya kukileta.

Wiki ya 2. Vitabu vyote nimevivalisha karatasi ya kaki na kuviandika namba. Kila mtoto anasoma ukurasa mmoja wa katikati. Akikutana na neno asilolijua anakunja kidole. Vitano vikikunjwa, kitabu ni kigumu. Walimu wengi wanaitumia njia hii, ila mimi imenisumbua. Watoto wanachunguliana vidole! Mmoja alimaliza ukurasa bila kukunja hata kimoja. Nilipomuuliza kisa kinahusu nini, akacheka. Sasa wanatia alama za penseli kwenye vikaratasi visivyo na majina.

Halafu kuna hesabu. Wataalamu wa msamiati husema anayesoma bila msaada anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno, yaani neno geni moja katika kila 50. Vidole vitano basi vinafaa ukurasa wa maneno 250. Kurasa zetu zina maneno kama 100 tu. Kwa hiyo mpaka wetu ni mawili, au matatu nikiwa karibu. Vitabu viwili vimeanguka, kikiwemo cha chui.

Wiki ya 3. Vimebaki cha meli, cha mpelelezi na cha kisima. Nimewasomea kwa sauti mwanzo wa kila kimoja, nikakatisha pale panaponoga. Kisha kura ya siri, lakini safari hii kila mtoto amevipanga vyote vitatu: cha kwanza alama 3, cha pili 2, cha mwisho 1. Ni njia ya Mfaransa wa karne ya 18, Jean-Charles de Borda.

Meli iliwekwa ya kwanza na watoto 5, mpelelezi 4, kisima 3. Lakini wale 9 wengine wote walikiweka kisima nafasi ya pili, ilhali meli na mpelelezi kila kimoja kiliwekwa mkiani na watoto 6. Jumla: kisima 27, meli 23, mpelelezi 22.

"Mwalimu, umeiba kura!"

Nikawapa karatasi wahesabu wenyewe ubaoni. Wakahesabu mara mbili, wakabishana, na nusu ya somo ikaishia hapo. Sikuwazuia, maana walikuwa wakibishana kwa lugha ninayowafundisha.

Wiki ya 4. Tuko sura ya pili ya kisima. Wapenzi wa meli wameomba kitabu chao kisirudishwe kabatini, na wawili wameshakiazima. Mmoja ameuliza cha chui kitakuwa rahisi lini. Nimekivua kaki, nimekiweka rafuni.