Daftari la viporo: orodha yangu ya kusoma hadi masika haya

Tangu niandike mara ya mwisho kuhusu mradi huu wa kumaliza viporo, yaani vitabu nilivyoviacha njiani, vimepungua, ingawa sijasoma sana. Kazi kubwa ilikuwa kulipitia daftari lenyewe, ile kaunta buku ya jalada gumu ninamoandika majina ya vitabu, na kuamua kimoja baada ya kingine kama kinabaki au kinatoka. Nimechagua mwezi wa nne makusudi. Ikifika Desemba kila mtu anahesabu amesoma vingapi, na anayehesabu huishia kuchukua vyembamba vyembamba ili idadi ipendeze. Aprili hakuna anayekuuliza. Mvua inanyesha, umeme unakatika, na vitabu lazima vitolewe kabatini vipigwe upepo kabla majalada hayajaota ukungu. Ukishavitoa, utavitazama tu.

Sikutaka kujua kitabu kimebakiza kurasa ngapi. Nilitaka kujua nilikiacha kwa nini. Nilidhani jibu litakuwa uvivu au kuchoshwa, na kwa vichache ni kweli. Vingi vilikwama kwa sababu nilivisoma kwa namna isiyovifaa.

Palipoziba kuliko pote ni kwa Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alimleta mpelelezi huyu na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1960. Vikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu, Mwana wa Yungi Hulewa, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Nilikuwa nimevipa namba kwa mpangilio wa kutoka kwake, nikaapa kutoruka hata kimoja. Siri ya Sifuri ndicho kilichoniweka njia panda: sikukipata kwenye maduka ya Samora wala kwa wauza vitabu chakavu pale Posta, na vinavyokifuata vikakaa kabatini vikikisubiri, utadhani abiria wa daladala isiyojaa. Wakati kila kisa kinajitegemea! Bwana Msa ni yule yule, mwenzake Najum ni yule yule, mengine yote ni mapya. Nimezifuta zile namba na nimeanza Mwana wa Yungi Hulewa. Niko katikati na kinakwenda kasi, kwa sababu Abdulla anaandika kama mtu wa baraza: anazungusha maneno, anatania, anakuacha ucheke, halafu ndipo anakumbuka kuna jambo alikuwa anakueleza.

Nagona cha Euphrase Kezilahabi (1990) ndicho kiporo cha zamani kuliko vyote, na wala hakifiki kurasa mia. Hiki nilikuwa nakisoma kwenye daladala, Mbagala hadi Posta, nusu ukurasa kituo hiki na nusu kituo kile. Rosa Mistika, kingine chake, unaweza kukisoma hivyo bila shida. Kuna baba mkali, kuna binti, kuna shule, ukifungua jioni unajua uliishia wapi. Nagona hakikupi pa kushika. Msimulizi anatembea, anakutana na watu wanaosema kwa mafumbo, na ukikatisha hapo kwa sababu konda anadai nauli, uzi umeshapotea. Safari hii nilikisoma Jumapili ya mvua, kwa mkao mmoja, bila kusimama kutafuta maana. Sijakielewa chote, na nimekitia tiki. Mzingile, kilichotoka mwaka uliofuata, kimebaki kwenye orodha na pembeni nimeandika: si cha kwenye gari.

Peponi nacho kilikwama kwa sababu ya mpangilio wa meza. Ni Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022, baada ya Nobel ya 2021. Nilikuwa nimefungua vyote viwili, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, na kila sentensi naipima. Nikawa mkaguzi wa hesabu, si msomaji. Cha Kiingereza nimekirudisha rafuni, nimeanza upya pale Yusuf anapochukuliwa na Aziz kwa deni la baba yake, na sasa namfuata kijana kama inavyotakiwa.

Kuli cha Adam Shafi kimetunza risiti ya umeme wa LUKU kati ya kurasa. Wino umefifia, tarakimu za tokeni hazisomeki tena, na kwenye ukurasa huo huo nimepigia mstari kwa penseli sentensi ya kawaida kabisa ambayo sijui ilinigusia nini. Niliishia kabla ya mgomo. Kitabu kinachohusu mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja mwaka 1948, nami nikaondoka kabla kazi haijasimama. Hiki naanza ukurasa wa kwanza.

Vilivyotoka nitavitaja haraka. Vitabu vya siri za mafanikio nilivyopewa zawadi kazini: vimetoka, na sina kinyongo. Riwaya nilizoziandika daftarini kwa kuwa watu walikuwa wakizizungumzia tu: zimetoka pia.

Tenzi nazo nimezitoa, lakini kwa sababu nyingine. Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona vilikuwa kwenye daftari na kisanduku cha tiki mbele yake, kama vile kuna siku nitasema basi, Mwana Kupona nimemmaliza. Al-Inkishafi kwa Kiamu chake, lahaja ya Lamu, hunichukua jioni nzima kwa beti chache, na kesho yake nikirudi beti zile zile zinasema zaidi. Vitabu hivyo viwili sasa vinakaa kando ya kitanda, nje ya orodha.

Kimoja sijakipa uamuzi kwa kuwa hakipo nyumbani. Wasifu wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, cha Shaaban Robert kiliazimwa na shangazi, na nikimpigia simu ananieleza ukurasa mmoja, kisha ananiimbia taarab mpaka salio linakata. Sikidai. Kikirudi kipupwe nitakisoma, kikirudi vuli nitakisoma vilevile.